Kwa Nini Nimekukataza Gari ya Elisha

Tabitha mwanangu,

Umefunga mlango wa chumba kwa kishindo, nami nimekaa hapa mezani nikikusikia ukitupa nguo ndani ya sanduku kama mtu anayezipiga. Sitakuja kubisha. Nikibisha tutarudia maneno ya mchana, na wewe una kinywa cha baba yako, husikii la mtu mpaka umalize lako. Barua haikatizwi. Nitaiweka ndani ya kikapu cha chakula, chini ya kitambaa, na kesho treni ikishapita Njoro njaa itakuonyesha mahali ilipo.

Sikuandikii habari ya kusali, kuoga na kutunza blanketi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa chuoni na wasichana wenzako kwa kukucheka. Nakuandikia kwa sababu ya Bwana Elisha. Alikuja leo akasema kesho anakwenda Kisumu na gari yake mpya, atakupeleka mpaka mlango wa chuo, usihangaike na treni na mizigo. Ukaruka kwa furaha. Nikasema hapana. Ukaniuliza kwa nini, mbele yake, nikasema hapana tena. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akachukua kofia, akaenda zake. Ndipo ukanitolea yale maneno: kwamba simwamini mtu yeyote chini ya jua, kwamba ningemkubali Elisha wakati ule ungekuwa na baba kama watoto wengine, kwamba nimeuzeesha moyo wangu kwa kushuku watu.

Huenda nimeuzeesha. Lakini kwa nini nilimkataa hujui, kwa sababu nilikuficha. Ulikuwa mdogo, na ulimpenda. Sasa unaondoka, na sitaki uende mbali ukiwa na hadithi ya upande mmoja.

Nianze na baba yako, maana bila yeye nisingejua kitu. Yohana alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Elmenteita. Mzungu alipopata gari mpya, ile kuukuu yenye boksi la mbao nyuma alimwuzia baba yako, naye akaanza kubeba kabichi na karoti kutoka Bahati na Dundori mpaka soko la Nakuru. Wenye magari hapa Bondeni walikuwa wachache, na wote walipeleka zao kwa mafundi. Baba yako hakupeleka. Kumwaga oili chafu na kutia mpya ilikuwa kazi yake mwenyewe, hapa uani, Jumamosi alasiri. Watu walimcheka kwamba ni bahili. Alikuwa akiwajibu, "Fundi ataniambia amebadilisha. Mimi nataka kuona."

Nilikuwa nikikaa kando yake na kibao changu nikimenya njegere, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee aliyokuwa akiongea sana. Mikono ikiwa na kazi, ulimi wake ulifunguka. Aliiacha injini ingurume kidogo ipate moto, ili oili iwe nyepesi na itoke pamoja na uchafu wake. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akaingiza karai chini, akalala juu ya gunia, akafungua ile nati kubwa ya tumboni kwa spana, na oili ikashuka nyeusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Kisha alichovya kidole, akaisugua, akainusa, akaiangalia kwenye mwanga. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema, "Gari haina mdomo, mama. Hii ndiyo njia yake ya kuniambia imekula nini." Sikudhani kwamba ninafundishwa. Nilidhani ninamenya njegere.

Mvua za mwaka mmoja zilimshika kifua, na hakuinuka tena. Unakumbuka wale watu wengi waliolala hapa sebuleni. Wengine walikuja kulia, wengine walikuja kwa ajili ya gari. Baba yako mkubwa alisema ataipeleka nyumbani Maragoli "ikatunzwe". Niliuficha ufunguo ndani ya debe la unga, nikasema sijui Yohana aliuweka wapi. Wakatafuta mpaka wakachoka. Walipoondoka, niliutoa nikaupangusa, nikamwita Arap Korir.

Arap Korir unamkumbuka, yule Mkipsigis mwembamba aliyekuwa akiimba kwa pua bila maneno. Alikuwa dereva pamoja na baba yako kule kwa mzungu. Mimi kuendesha sikujua na hadi leo sijui. Yeye aliendesha, mimi nilinunua na kuuza mboga, na hivyo ndivyo ulivyokula na kusoma.

Lakini lazima ujue siku zenyewe zilikuwaje. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni na kila aliyewapa chakula. Pale Lanet askari walikuwa wakiisimamisha gari na kumwambia Korir ateremshe kabichi zote barabarani, wachome magunia kwa vyuma kuona kama kuna kitu ndani. Hapa Bondeni malori yalikuja alfajiri yakachukua watu, na hakuna aliyejua ni nani aliyetaja majina. Jirani uliyemwazima chumvi jana, leo ulimtazama mara mbili. Mtu akikusalimia kwa uchangamfu ulijiuliza ana nini. Ni wakati huo nilipokufundisha kwamba ukiulizwa nani alikuja kwetu, useme hujui. Ulikuwa ukisema vizuri sana, kwa uso mkavu, mpaka nikaogopa. Kwa hiyo ukisema mimi ni mtu wa kushuku, mwanangu, kumbuka shule niliyosoma.

Elisha alikuja kwenye mazishi. Alibeba mabenchi kutoka kanisani, alitafuta mbao, alisimama kaburini mpaka udongo ukaisha. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa na duka lake la vifaa vya baiskeli, na lori. Mke wake alikuwa amefariki. Baada ya hapo alikuja kila Jumapili ibada ikitoka. Alikuletea peremende na lile gauni jekundu la Krismasi ulilokataa kuvua mpaka likakubana kwapani. Na kila alipokuja, kabla ya chai, alivua koti akaliweka mkononi, akasema, "Ngoja niangalie gari ya marehemu."

Alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa chake, akatikisa kichwa.

"Mama Tabitha, hii gari inakunywa oili."

"Korir anasema iko sawa."

"Korir." Alilitamka jina hilo kana kwamba ni la mtu aliyemsahau. "Huyu ulimjua wapi?"

"Alifanya kazi na Yohana."

"Yohana alikuwa mtu mwema. Mtu mwema haoni mambo."

Hakusema zaidi. Hakuwa mtu wa kusema zaidi. Jumapili nyingine aliuliza kama Korir hurudi moja kwa moja kutoka Gilgil, kisha akajijibu mwenyewe: "Lakini lazima asimame kwa shemeji yake. Si yuko Kariandusi, anachimba ule unga mweupe?" Nyingine akaniuliza kama petroli inatosha siku hizi. Maneno madogo madogo, na kila moja lilibaki ndani ya nyumba baada yake kama harufu ya tumbaku. Nikaanza kumwangalia Korir anaponipa hesabu ya safari. Nikaanza kunusa nguo zake kama amekunywa. Akiimba, nilijiuliza anafurahia nini.

Na gari kweli ikaanza kuugua. Ilitoa moshi wa buluu ikipanda mlima. Injini ikaanza kugonga ndani, sauti kama ya mtu anayepiga sufuria chini ya shimo. Elisha akasikitika sana. Akasema ana fundi wake, tumwachie gari wiki moja au mbili. Kisha akasema afadhali niiuze kabla haijafa kabisa, yeye mwenyewe ataichukua ili nisipate hasara. Mwishowe, Jumapili moja ulipokuwa ukicheza nje, aliweka kikombe chini akasema, "Mama Tabitha, haya mambo ya gari si ya mwanamke. Tuunganishe nyumba. Mimi nitabeba mboga kwa lori, wewe ukae na mtoto."

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimekaribia kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka, Tabitha. Alikuwa na sauti nzuri, na alipoingia ulikimbia kumshika mkono. Nilikuwa nimenunua hata kitambaa cha gauni, cha rangi ya maziwa, nikakificha chini ya godoro kama msichana.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Elisha alisema oili ile haijabadilishwa tangu Yohana afariki. Korir alisema ameibadilisha mara baada ya mavuno. Hawa wawili hawangeweza wote kuwa wanasema kweli. Mmoja alikuwa akinidanganya, akinitazama machoni, akinywa chai yangu. Nikasema basi nitaangalia mwenyewe.

Jumamosi Korir aliporudi kutoka Bahati nilikuwa namngoja uani, nimevaa koti kuukuu la baba yako, na karai mkononi.

"Usizime," nikamwambia. "Iache ipate moto vizuri. Leo tunamwaga oili."

"Nani anamwaga?"

"Mimi."

Hakucheka. Alizunguka akatafuta mawe, akayasukuma nyuma ya magurudumu kwa mguu, akalijaribu kila moja kama limeshika. Alipozima injini nililala juu ya gunia nikajivuta chini. Sikujua kuna joto namna ile. Matone ya tope yaliniangukia machoni. Nati ilikataa kabisa, nikafikiri nitalia pale pale chini ya gari kama mjinga, kisha ikaachia ghafla na oili ikanimwagikia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Alama yake unaijua, ile uliyokuwa ukiuliza kama ni ya kuungua na uji.

Nilipotoka nikaangalia karai, nikaona si rangi niliyoizoea. Oili ya Yohana ilitoka nyeusi na inang'aa. Hii ilikuwa ya kijivu, nzito, haina mng'ao. Nikaiacha itulie, kisha nikaimimina polepole ndani ya debe. Chini ya karai pakabaki tope jeupe.

Nilichukua kidogo nikasugua kati ya vidole. Laini kama unga wa ngano, lakini ukikandamiza inauma. Nikaijua papo hapo. Ni ule unga wa Kariandusi ambao wanawake tulisugulia sufuria zikishika masizi. Niliwahi kuutumia kwenye sufuria mpya aliyonipa mama yangu, na ukaondoa masizi, ukaondoa na mng'ao wote, ukabaki mikwaruzo tu. Sasa fikiria unga huo unazunguka ndani ya injini mchana kutwa, ukisugua vyuma.

Korir alichuchumaa akagusa. "Mama, hii si vumbi ya barabara."

Mimi sikuwa naangalia unga tena. Nilikuwa naangalia uso wake. "Shemeji yako anafanya kazi wapi?"

"Kariandusi." Akainua macho. "Nani alikuambia niko na shemeji?"

Hapo ndipo kitu kilipogeuka kichwani mwangu. Korir hakuwahi kunitajia shemeji. Habari ile niliipata kwa Elisha, wiki nyingi kabla sijaona unga wowote. Aliniwekea jibu tayari, kabla sijapata swali.

Lakini jibu langu nalo lilikuwa la kukisia tu. Pengine Elisha alijua tabia ya Korir akanionya kwa wema. Pengine Korir aliuliza lile swali ili anichanganye. Sikumwamini yeyote kati yao, na sikutaka kuchagua kwa kupenda. Nilinunua oili mimi mwenyewe dukani, kwa Mhindi, kopo lililofungwa. Tukatia kidogo ya kusafisha, tukawasha, tukamwaga tena, kisha tukajaza hadi alama ya kijiti. Gari ikanguruma kwa utulivu kidogo. Na Korir alipokwenda kunawa, nilichukua uzi mweusi wa cherehani nikaufunga kutoka kifuniko cha oili mpaka kwenye waya ulio karibu, chini kabisa, mahali ambapo asiyeutafuta hauoni. Mtu akifungua kifuniko kile, lazima uzi ukatike. Sikumwambia mtu.

Kila jioni nilifunua boneti nikijifanya napangusa vumbi. Uzi ulikuwepo. Katikati ya wiki nikamtuma Korir Gilgil na magunia ya viazi, makusudi, ili apite Kariandusi. Alirudi na viazi vyote, akasema hakuna aliyenunua. Nikafunua boneti. Uzi ulikuwepo.

Jumapili Elisha akaja. Ulimshika mkono kutoka langoni. Alivua koti, akaliweka mkononi kama kawaida. "Ngoja niangalie gari ya marehemu."

Mimi nikabaki jikoni nikisukuma chapati. Alirudi akipangusa vidole. "Imepungua tena, Mama Tabitha. Nakuambia huyo dereva anaiuza."

Nikamwekea chai. Nikamwekea chapati. Nikasema naenda kuchukua kuni. Nikafunua boneti, na uzi ulikuwa unaning'inia vipande viwili. Kwenye mdomo wa kifuniko, pale oili inaposhikana na vumbi, kulikuwa na unga mweupe umeganda kama uji kwenye mdomo wa mtoto.

Sikukasirika wakati ule. Nilisikia baridi. Nilisimama na mkono juu ya boneti nikikusikia ndani ukicheka, kwa sababu alikuwa akikufanyia ule mchezo wa kutoa senti sikioni.

Nilikuwa nimehifadhi lile tope ndani ya kopo. Nikalichukua, nikamwita aje nje kidogo. Akaja akitafuna.

"Bwana Elisha, fungua boneti ya lori yako."

"Ya nini?"

"Nina oili hapa. Imetoka kwa gari yangu. Nataka tuitie kwa yako."

Aliangalia kopo, akaangalia mikono yangu. Nilitegemea acheke, au akane, au aniulize nina wazimu gani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote. Alimeza chapati yake kwanza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Nani mwingine anajua?"

Nimesikia mambo mengi tangu wakati ule, lakini hakuna lililoniingia kama lile swali.

"Kwa nini, Elisha?"

"Nilifanya kwa ajili yako," akasema. "Ungeendelea mpaka lini, mwanamke na madereva, barabarani na askari? Gari ikifa, ungekaa nyumbani. Ningekutunza wewe na mtoto. Je, nimekutunza vibaya?"

"Ondoka kwangu."

"Naondoka. Lakini usipige kelele, Mama Tabitha." Alikuwa bado anaongea kwa upole, kama anayeomba chumvi. "Gari yako inabeba chakula kutoka Bahati, karibu na msitu. Mtu akienda kituoni akasema Korir huteremsha gunia moja njiani, unafikiri watauliza mara ngapi?"

Akarudi ndani. Akakuaga, akakupa peremende, akachukua kofia. Ulisimama langoni ukimpungia mkono mpaka lori ikapotea.

Kwa hiyo nilinyamaza. Ulinililia wiki nzima ukiniuliza nimemfanya nini, nikanyamaza. Kanisani wakasema kwamba Mama Tabitha amekataa bahati yake, wengine wakasema ninalala na dereva, nikanyamaza, kwa sababu kila mara nilipofungua mdomo nilimwona Korir akipandishwa kwenye lori alfajiri. Kile kitambaa cha rangi ya maziwa nilikiuza sokoni kwa mtu nisiyemjua.

Korir nilimwambia yote siku ya pili. Nilidhani atafurahi. Nilimweleza habari ya uzi kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha mtego wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Uzi uliufunga lini?"

"Jumamosi ile ile, ulipokwenda kunawa."

"Kwa hivyo Gilgil ulinituma uzi ukiwa umefungwa."

"Ndiyo."

"Na viazi hazikuwa na mnunuzi."

"Hazikuwa naye."

Alitikisa kichwa taratibu, akaenda kwenye debe la maji, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Aliendelea kuendesha mpaka mvua zikaisha, lakini hakuimba tena. Kisha akaniambia anarudi kwao Kericho. Nilimwomba abaki. Nikamwambia sasa najua yeye ni mtu wa kweli, nimehakikisha kwa macho yangu. Alikuwa ameshika ufunguo, akaniwekea mkononi.

"Gari imepona, Mama," akasema. "Wewe bado."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Mara nyingine nimemkasirikia nayo. Nilikuwa mjane, mtoto mgongoni, mji mzima unanong'ona. Angetaka nifanyeje, nimwamini kwa kuwa anaimba vizuri? Uzi ule ndio uliomsafisha. Leo ningeufunga tena. Ila ningemwita, nikamwambia, "Korir, kuna mtu anaua gari yetu, shika ncha hii." Angeushika. Najua sasa kwamba angeushika. Ningepata ukweli ule ule, na dereva ningebaki naye.

Waliokuja baada yake unawajua. Mmoja aliuza tairi ya akiba, mwingine alilala kwenye usukani pale Mbaruk. Kila mmoja nilimchunga kwa macho. Na oili nimemwaga mwenyewe kila mara, mpaka juzi, na wewe umeniona na kunionea haya mbele ya rafiki zako.

Sasa ya leo. Sijui Elisha alitaka nini. Inawezekana alitaka kukusaidia tu. Ni mzee sasa, ana mke tena, na nimesikia kwamba watu hubadilika. Inawezekana alitaka saa nyingi za barabara za kukueleza habari yangu jinsi anavyopenda yeye. Inawezekana anataka uwe na deni lake, kama alivyotaka kwangu. Ningeweza kukuacha uende naye nikajua. Lakini wewe si wa kupimia mtu.

Huko uendako utakutana na wengi wenye mikono iliyojaa zawadi, na wengi wao hawatakuwa na neno. Kula peremende zao. Sitaki uwe na macho yangu haya, yanayoamka kabla yangu na kuzunguka nyumba. Nakuomba kitu kimoja tu, na si amri. Siku utakapojikuta unamwangalia mtu vibaya, mwalimu, rafiki, hata mimi, kaa chini kwanza ukumbuke ni nani aliyekupa hilo wazo, na alikuwa anakunywa chai ya nani alipokupa. Mimi nilichelewa sana kujiuliza. Na ukishajiuliza, nenda kwa yule mtu mwenyewe umwulize usoni. Hilo la pili sikulifanya hata kidogo, na ndilo lililonigharimu.

Sasa nasikia umenyamaza huko ndani. Ama umemaliza kupanga, ama umelala juu ya nguo. Ugali uko tayari, na nitakuita kwa sauti ya kawaida, nawe utakuja na uso wako uliovimba, na nitakuwekea nyama iliyo kubwa.

Ukifika, andika. Nitakuambia mapema ili usinicheke baadaye: barua yako ikija, nitaigeuza kwanza niangalie gundi ya bahasha kama kuna mkono ulioifungua njiani. Nitaangalia kama mwandiko ni wako. Nitaisoma mara mbili kutafuta kama unaumwa na hutaki kuniambia. Siku moja utaandika kwamba umepata mtu, rafiki au mchumba, na kwamba ni mwema. Najua siku hiyo haiko mbali. Nitavaa nguo za kanisani nipande treni nije nimwone, na nitamwangalia mpaka atoke jasho. Lakini nisipoona kitu, Tabitha, na wewe ukaniambia "Mama, inatosha," basi nitakaa, nitakunywa chai aliyonipikia, yote, bila kuinusa.

Ni mimi mama yako, ambaye mlango wake unaweza kuufunga kwa kishindo siku yoyote utakayorudi,

Rasoa